Mkono Ulioshika Karatasi Nyeupe

Picha ya uchumba ya binti yangu ilitoka ya njano, na upande wa mwanamume wakasema binti ana ini.

Kwetu Zifta, kando ya Nile, ukisema fulani ana ini, huna haja ya kuendelea. Kila nyumba imezika mtu wa namna hiyo. Macho yanaanza, uso unafuata, halafu tumbo linajaa maji, halafu majirani wanakuja kupanga viti barabarani. Kwa hiyo picha ya njano si jambo la kuchekea. Picha ya njano ni uchumba umekufa.

Binti yangu anaitwa Samah. Mchumba wake, Wagdi, ni fundi wa viyoyozi Kuwait. Alikuja likizo, Fatiha ikasomwa, akamvisha dhahabu, akarudi kazini kwake. Mama yake ni mjane, anakaa Mit Ghamr, ng'ambo ya daraja. Huyo Mama Wagdi akaomba picha mbili za mkwe wake, kubwa ya kutundika sebuleni na ndogo ya kumtumia kijana kwa mkono wa msafiri. Ni haki yake. Nikampeleka Samah kwa Shauki, kaka wa mke wangu, mwenye studio karibu na stesheni.

Nimweleze Shauki kidogo. Printa yake ilikuwa na chupa nne pembeni, zimefungwa kwa gundi, na vimipira vyembamba vinavyoingia tumboni mwa mashine kama mgonjwa aliyewekewa dripu. Wino wa kiwandani aliutumia mara moja tu, ule uliokuja na printa. Baada ya hapo alijaza kwa sindano, wino wa chupa kutoka Cairo. Muuzaji huyu akikosa, anakwenda kwa yule. Samawati ya huyu, waridi ya yule, nyeusi ya Mungu anajua nani.

"Wino ni wino, shemeji," alikuwa akiniambia. "Rangi zinajuana zenyewe humo ndani."

Siku ile Samah alivaa mtandio wa rangi ya asali. Nyuma yake Shauki alitandika pazia la rangi ya kahawa. Yaani kwenye picha yote hakukuwa na kitu cheupe hata kimoja, isipokuwa macho yake. Jioni mshenga, Bi Inshirah, akapita studio, akaikagua chini ya taa ya dari, ile ndefu ya mwanga wa buluu, akaiona safi, akaifunga kwenye gazeti akavuka nayo daraja. Mimi sikuiona. Nilikuwa nimelala. Miezi ile nilikuwa narudi kazini nimechoka kama punda, nikioga nalala, na mikono inaniwasha. Mimi ni fundi bomba. Nilisema ni gundi ya mabomba.

Bi Inshirah alirudi na picha ileile chini ya kwapa.

"Metwali, ndugu yangu, kaa kwanza."

"Nimekaa. Sema."

"Mama Wagdi anakusalimu. Anasema dhahabu iko palepale na neno lake liko palepale. Ila binti apimwe damu."

"Apimwe damu ya nini?"

Akafungua gazeti. Nikamwona mwanangu, njano tupu, uso na shingo, na macho yenyewe kama yai lililopikwa.

"Anasema siku ya Fatiha mlimpaka poda mpaka masikioni," Bi Inshirah akaendelea, akitazama zulia. "Anasema sasa ameelewa kwa nini."

Mke wangu Nagat akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Poda? Kuna bibi harusi asiyepakwa poda mji huu? Yeye siku yake walimpaka chokaa, mumewe alimtambua kwa sauti!"

"Nagat, mimi ni mjumbe tu, dada yangu."

"Basi mjumbe amwambie aje kumtazama mkwe wake mchana, macho kwa macho!"

"Haji mtu hapa kumkagua mtu," nikasema. "Binti yangu si ng'ombe wa mnadani, afunuliwe mdomo ahesabiwe meno. Na hapimwi."

Samah alikuwa amesimama mlangoni. "Baba, ni tone la damu tu. Nitakwenda na mama, kabla ya chakula cha mchana tumerudi. Wapewe karatasi yao watulie."

"Leo watataka damu. Kesho watataka nini? Hapimwi. Kilichoharibika ni picha, na picha ndiyo itakayotengenezwa."

Nikajikuna mkono, nikavaa viatu.

Studio kulikuwa na mteja, mtu mnene aliyekuja kwa picha za pasipoti.

"Shauki, njoo nje."

"Nina mteja, shemeji."

"Njoo naye."

Wakatoka wote wawili. Nikaifungua picha juani. Kabla Shauki hajafumbua kinywa, yule mteja akasema, "Masikini, Mungu amponye. Ameanza lini?"

Shauki akageuka rangi yeye mwenyewe. Mteja akaondoka na uso wake, akisema atarudi kesho. Hakurudi.

"Umemfanya binti yangu limau," nikamwambia.

"Ni karatasi. Karatasi hizi za Kichina..."

"Karatasi gani?"

"Basi ni unyevu. Unajua mto ukipanda..."

"Shauki. Nitaichukua hiyo printa niitupe mtoni, na wewe juu yake."

Akakaa. Akaifungua mashine. Akachapa mistari ya kujaribu, wa samawati, wa waridi, wa manjano, wa mweusi. Wa manjano ulitoka umejaa, unang'aa. Wa samawati ulikuwa umepauka. Wa waridi ulikatika katikati, kama uzio uliong'olewa nguzo.

"Kompyuta inadhani huu ni wino wa kiwandani," akasema taratibu. "Inasema, dondosha tone la waridi. Linadondoka. Lakini tone lenyewe ni chai ya mgonjwa. Yule muuzaji ameutia maji. Wa manjano peke yake ndio wino wa kweli."

"Na huku kukatika?"

"Hapo sijui."

Mimi nikajua. Kwenye kimpira cha waridi kulikuwa na kipande kirefu cha hewa, kimekaa pale kimpira kinapopinda. Hewa kwenye bomba ni hewa kwenye bomba, liwe la nyumba au la printa. Tukaivuta kwa sindano. Shauki akafuta kichwa cha mashine kwa maji vuguvugu na kitambaa, akamwaga samawati na waridi kwenye shimo la choo, akapanda gari kwenda Cairo kwa muuzaji wa tatu. Aliporudi akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba safari hii chupa zilifunguliwa mbele ya macho yake.

Ikabaki shida nyingine, nayo aliiona yeye. "Tukipeleka picha mpya, nyekundu na nzuri, watasema Shauki amempaka poda kwa kompyuta. Lazima pawe na kitu kwenye picha ambacho kila mtu anajua rangi yake. Ashike karatasi nyeupe. Karatasi ikitoka nyeupe, basi na uso ni wa kweli. Hapo hata jaji hana neno."

Lilikuwa wazo zuri. Sijalilaumu mpaka leo.

Samah akakataa kushika. "Nitaonekana mfungwa aliyeshika namba yake. Hiyo ndiyo picha ya kutundika sebuleni kwa watu?"

"Basi baba yako ashike," Shauki akasema. "Simama naye, shemeji. Binti na baba yake. Nani atasema neno?"

Nikasimama. Nilikuwa na kanzu yangu ya kijivu. Nikashika karatasi karibu na bega lake, tukatazama kioo cha kamera. Samah akacheka kidogo kwa sababu nilikuwa nimekaza shingo kama askari wa gwaride. Hicho kicheko ndicho kilichopigwa picha.

Kurekebisha rangi kulichukua muda kuliko nilivyodhani. Shauki alichapa picha ndogo ndogo, kila moja amebadilisha kipimo kidogo, akaandika nyuma kwa kalamu amebadilisha nini. Hakuzitazama chini ya ile taa tena. Alizitoa mpaka mlangoni, kwenye kivuli cha mchana. Na hakuziamini zikiwa mbichi. Alisema wino huu ukikauka unahama, unachokiona sasa sicho utakachokiona kesho. Kwa hiyo alizianika kwenye uzi usiku kucha, na kesho yake tukarudi mimi na Samah, asimame kando ya uso wake wa pichani alinganishwe.

Karatasi ilikuwa nyeupe. Samah alikuwa yeye mwenyewe, wekundu wake wa mashavu, hata kile kidoa cha kahawia chini ya sikio. Nikamshika Shauki bega.

"Bado," akasema. "Wewe bado ni wa njano."

"Niache mimi. Mimi siolewi."

"Hapana, shemeji. Mtu mmoja akiwa wa njano, watasema rangi haijakaa." Akaingia ndani, akapunguza manjano, akaongeza samawati na waridi. Akachapa. Tukasubiri ikauke mbele ya feni, tukanywa chai, tukaitoa nje.

"Bado," akasema tena. Akaongeza.

Ya tatu ilipotoka, mimi nilikuwa sawa. Uso wa mtu mzima, mwenye afya, aliyetoka kula bata. Lakini Samah alikuwa bilingani. Midomo ya zambarau, macho ya samawati, na karatasi mkononi mwangu ilikuwa rangi ya anga.

Shauki akacheka. "Haiwezekani! Ukipona wewe, anaumwa yeye. Mna nini nyinyi? Subiri, nitatafuta katikati."

"Mjomba, acha," Samah akasema.

"Kidogo tu, mama, niongeze kwenye..."

"Usiongeze kitu. Ile ya kwanza ndiyo sahihi."

"Ya kwanza baba yako ni wa njano."

"Mjomba," akasema, "karatasi ni nyeupe."

Alikuwa haitazami picha. Alikuwa ananitazama mimi, mchana, mlangoni, kwenye mwanga uleule. Shauki naye akanitazama. Nilikuwa nakaa na watu hawa kila siku, chini ya taa za nyumbani, na hakuna aliyeona kitu, kama mtu asivyoona ukuta wake unavyobadilika rangi. Sasa waliona. Niliinua mikono yangu nikaitazama, kisha nikaishusha.

"Ni gundi," nikasema.



Watu wa rika langu tunajua tulikoupata ugonjwa huu wa ini. Tulipangwa foleni shuleni tuchomwe sindano za kichocho, na sindano ikatoka kwa huyu ikaingia kwa yule. Shule niliiacha darasa la tano. Sindano nilikuwa nimeshamaliza zote.

Shauki alikaa kwenye kile kiti chake cha kuzunguka. "Nitakukata," akasema baadaye. "Kwenye picha, namaanisha. Tubakishe yeye peke yake."

"Na karatasi?"

"Karatasi lazima ibaki. Bila karatasi hatuna ushahidi."

"Karatasi imeshikwa na mkono wangu."

"Nitaufuta mkono kwa kompyuta. Dakika mbili."

"Ukianza kufuta, watasema umefuta na njano yake. Acha mkono. Nani atatazama mkono?"

Samah alikuwa amegeukia ukuta. "Baba, nipeleke nikapimwe. Tupimwe wote wawili. Basi, iishe."

"Picha kwanza," nikasema.

Niliipeleka mwenyewe. Sikumpa Bi Inshirah. Nilivuka daraja kwa miguu, picha ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu niliyomlipisha Shauki, na njiani nilisimama mara kwa mara nikijifanya natazama maji, kumbe natafuta pumzi.

Mama Wagdi alinikaribisha vizuri. Mwanamke mwembamba, amevaa nyeusi tupu kuanzia kichwa hadi miguu, ingawa mumewe ana miaka tangu azikwe. Picha ya marehemu ilikuwa ukutani, na utepe mweusi kwenye pembe. Kando yake palikuwa na msumari mtupu. Nikajua msumari huo ni wa nani.

Akaniletea chai. Nikamweleza habari ya wino, chupa za maji, hewa kwenye kimpira. Alisikiliza kwa adabu, kama watu wanavyosikiliza fundi. Kisha akachukua fremu, akatoka nayo kwenye roshani, mwangani. Huyu hakuhitaji kufundishwa na Shauki pa kutazamia rangi.

"Mashallah," akasema. "Binti yako ni ua, Haji Metwali."

Sijahiji. Ni heshima tu.

"Ilikuwa wino," nikasema.

"Naona. Karatasi ni nyeupe. Nimemdhulumu, na nitamwomba radhi mwenyewe." Akaisogeza picha karibu na macho. "Na huu mkono?"

"Mkono gani?"

"Huu ulioshika karatasi."

"Wa mpiga picha."

Akageuka. Nilikuwa nimeshika gilasi ya chai. Akautazama mkono, akatazama picha, akatazama mkono.

"Weka gilasi chini, ndugu yangu. Weka mkono wako hapa."

Ningeweza kukataa. Niliuweka juu ya kioo cha fremu, kando ya ule mwingine. Rangi ileile, hata kwenye kucha. Lazima niseme ukweli, Shauki alikuwa amefanya kazi safi.

"Tangu lini unajikuna?" akauliza.

"Baridi ya mwaka jana."

"Na miguu inavimba?"

"Jioni."

Akaingia ndani, akakaa chini ya picha ya mumewe. Hakulia, na hakupaza sauti. "Mimi nimemuuguza huyu. Wagdi aliacha kazi akarudi akambeba. Namaanisha kumbeba, mgongoni, ngazi za hospitali, kwa sababu lifti ilikuwa mbovu. Alimfuta damu mdomoni. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Akimwoa Samah atakuwa mwanao, na mwanangu namjua, hatakuacha. Ukilala, ni yeye atakayekubeba. Siwezi kumwona anabeba mwingine. Nisamehe. Siwezi."

"Binti ni mzima. Umesema mwenyewe."

"Ni mzima. Nami niliomba tone la damu yake tu, Metwali. Tone moja. Ungenipa ile karatasi ya maabara, ningesema bismillahi, harusi ingepita, na yako nisingeiuliza. Wewe ukaniletea mkono."

Nikanywa chai iliyobaki kwa sababu ni aibu kuiacha.

"Dhahabu ibaki kwake," akasema nikiwa mlangoni. "Sisi ndio tunaovunja. Hiyo ndiyo desturi."

Nikatembea kurudi na fremu chini ya kwapa. Nagat alisoma habari usoni kwangu kabla sijakaa. Alimtukana Mama Wagdi na ukoo wake mpaka mababu, kisha akanitazama vizuri mchana kwa mara ya kwanza, akaacha matusi katikati, akaketi sakafuni.

Samah alivua pete. Halafu bangili.

"Ni zako," nikamwambia. "Waliovunja ni wao."

"Zikibaki, mji mzima utajua niliachwa na kwa nini. Zikirudi, mimi ndiye niliyekataa." Akazifunga kwenye leso. "Waseme nina kiburi kama baba yangu. Hilo nitalivumilia."

Wagdi alipiga simu kutoka Kuwait. Alipiga tena. Mara ya mwisho Samah alipokea, akasikiliza muda mrefu, akasema, "Mtii mama yako, Wagdi," akakata. Kisha akanivalisha viatu, akaniongoza mpaka maabara, akakunja mkono wa gauni lake mwenyewe kwanza, aonyeshe kwamba hakuumi.

Damu yake ilitoka safi. Yangu sina haja ya kuisema.

Gharama ni hii. Uchumba mmoja. Pete moja na bangili mbili, zimerudi Mit Ghamr ndani ya leso. Kazi ya bomba, kwa kuwa sasa siwezi kupanda ngazi na mfuko wa vifaa. Ini langu, ambalo daktari anasema limebaki theluthi moja inayofanya kazi. Chupa mbili za wino wa maji, kwenye shimo la choo cha Shauki. Na msumari mmoja mtupu kwenye ukuta wa Mama Wagdi, kwa sababu picha iko sebuleni kwangu: binti anacheka, karatasi nyeupe, mkono wa njano.